Kinanda Kipya na Sauti ya Mama

Kinanda chetu cha zamani pale usharikani, Njombe, kilikuwa na midundo michache ya kigeni, na ukibonyeza kwa vidole vingi kwa pamoja baadhi ya noti zilikatika. Kioo chake cha maandishi kilikufa kabla mimi sijaanza kupiga kinanda. Hiki kipya, jamani! Kioo kinawaka, kila kitu kinaandikwa. Ukigusa polepole kinalia polepole, ukikandamiza kinanguruma. Midundo ya kwetu unaingiza kwa flash. Unapanga wimbo mzima nyumbani, unahifadhi, siku ya ibada kitufe kimoja tu. Nilikifuata mwenyewe Makambako, nikarudi nimekipakata kama mtoto mchanga. Abiria mwenzangu aliposema nikiweke chini, nilimtazama mpaka akanyamaza.

Furaha yangu ilikuwa na doa moja: mama yangu mzazi. Ndiye mwanzilishi wa nyimbo kwenye kwaya ya akina mama tangu nikiwa mdogo. Miaka ya karibuni sauti ikawa inamkwama akifika juu. Anakunywa tangawizi, wapi! Jumapili moja ikamkatikia katikati ya wimbo, mbele ya usharika wote. Wiki hiyo akamwambia mwalimu wa kwaya atafute mwanzilishi mwingine, yeye atabaki kuitikia.

"Sauti imekwisha," aliniambia jikoni huku akimenya viazi. "Mungu alinipa, ameichukua."

Tamasha la kwaya Makambako lilikuwa limebakiza wiki mbili. Niliumia, lakini ningemwambia nini?

Alhamisi, kwenye mazoezi ya akina mama, nikakiwasha kinanda kipya. Sasa hapa mnielewe vizuri. Aliyenifundisha kupiga, kaka mmoja aliyekuwa akiipigia kwaya ya vijana, alinipa utaratibu wake: ukishawasha, bonyeza kitufe cha pembeni mara tatu, ndipo uanze. Sikumwuliza kwa nini. Nikabonyeza hivyo kila Jumapili kwa miaka sita, kama mtu anavyonawa kabla ya kula. Siku hiyo nikatafuta kitufe cha namna ile, nikabonyeza mara tatu. Kioo kikaandika: +3, yaani sauti ya wimbo imepandishwa hatua tatu.

Nikaganda. Nikashusha, ikarudi sifuri. Nikapandisha, ikasoma tatu. Loo! Yule kaka alikuwa akiwapandishia wimbo vijana wake wenye sauti nyembamba, basi. Na mimi kwa upumbavu wangu nikawapandishia watu wazima miaka sita yote!

Nikarudisha sifuri, nikapiga utangulizi wa wimbo uliomshinda.

"Mama, njoo uanzishe."

"Nimeshasema mimi naitikia."

"Mara moja tu, mama. Nakuomba."

Akasimama amenuna, akafungua mdomo. Pale juu alipokuwa akikwama, akapita kama anayesalimia jirani. Vigelegele! Nililia huku napiga; nikaachia mkono wa kulia nijifute kamasi, na kinanda kikaendelea na mdundo chenyewe.

Mama alishika koo lake. "Imerudi," akasema.

Wenzake walishaanza kumshukuru Mungu, na ningeweza kunyamaza. Roho ilikataa. Nikamwonesha kioo, nikaeleza yote mbele yao.

"Kwa hiyo haikuwahi kuondoka," alisema polepole.

"Haikuondoka, mama. Ni mimi."

"We mtoto wewe!" Akanichapa kofi la bega, la kweli, liliniuma. Kisha akacheka, na akina mama wote wakacheka, mpaka ghafla akaacha.

"Na mwenzangu je?" akauliza. "Yule aliyeacha kwaya mwaka juzi, akasema amezeeka?"

Mama huyo alikuwa rafiki yake, wameimba bega kwa bega tangu ujana wao. Tangu aache hakupenda hata kukaa karibu na kwaya kanisani.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwake, mama mbele, mimi nyuma na maneno ya kuomba radhi niliyokuwa nimeyapanga usiku kucha. Sikuyatumia. Mama hakungoja hata hodi ijibiwe. Alisukuma mlango, akasimama katikati ya nyumba ya watu, akamwanzishia wimbo wao. Rafiki yake alikaa kwenye kigoda, ameinamisha kichwa. Kwenye kiitikio akapokea.