Kifaransa Makaburini

Shuleni kwetu Korogwe, Kifaransa kilifundishwa na mwalimu mmoja tu, mama mfupi aliyerudi nacho kutoka masomoni ng'ambo. Tulikisoma wasichana kumi na mmoja. Tuliambiwa kwamba taifa changa litahitaji watu wa kuzungumza na majirani zetu wa upande wa magharibi. Mimi sikuwa na neno la kumwambia jirani yeyote wa magharibi. Nilikuwa mtu wa nyumbani, wa kutamani ugali wa bibi tangu Jumatatu, na nilichagua Kifaransa kwa sababu kilisomwa ndani, kwenye ubaridi, saa ambayo wenzetu walikuwa shambani wanapigwa na jua.

Muhula ule tulifika kwenye wakati ujao timilifu. Mwalimu alitueleza: simama kesho, geuka, uitazame leo kama jambo lililokwisha. "Utakapofika nyumbani, mama yako atakuwa amekwisha kupika." Tukaimba wote: j'aurai fini, tu auras fini, elle aura fini, yaani nitakuwa nimemaliza, utakuwa umemaliza, atakuwa amemaliza. Lakini vitenzi vya kuondoka na kufika vilikuwa na njia yao: je serai partie, je serai arrivée. Hivyo ndivyo vilivyonitoa jasho. Nikapewa thelathini vya kukariri likizoni. Nikirudi bila kuvijua, nahamia kwenye jembe.

Nilipanda basi la Handeni na daftari langu. Nilipofika nyumbani nikakuta tunahama.

Balozi wa nyumba kumi alikuwa amekwisha kupita. Siku nne, lori litakuja, kila mtu atahamia kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara kuu, kwenye shule, zahanati na bomba. Sitasema uongo, bibi yangu, aliyenilea tangu mama alipoolewa tena huko Mashewa, alilipenda lile bomba. Alikuwa amechota maji ya kisima cha mbali maisha yake yote. Swali lake lilikuwa jingine: waliozikwa nyuma ya nyumba nani atawaita?

Walikuwa saba. Wa kwanza bibi yake, kisha mama yake, kisha wengine kwa kufuatana, na wa mwisho, chini ya rundo la mawe madogo, mtoto wake wa kwanza, wa kiume, aliyekufa kabla hajaota meno. Kwenye ukoo wetu, watu wakihama huwaita wafu wao mmoja mmoja kwa jina, kuanzia mkubwa, na kuwaeleza tunakwenda wapi na kwa njia ipi. Asiyeitwa hubaki. Kazi hiyo ilikuwa ya mjomba, kwani aliyemzika mtoto wake pale haruhusiwi kuita, lakini mjomba alikuwa anakata mkonge Mazinde, akaleta salamu kwamba amenyimwa ruhusa.

"Basi atasema mke mwenzangu," akasema bibi. Ndivyo alivyoniita, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kike.

"Bibi, mimi sijui."

"Hujui kusema? Mwaka wa tatu huu unasomeshwa kusema!"

Akanifundisha majina saba huku anafunga vyungu kwa majani. Mara ya pili nikamwambia yametosha, nimeshika. Mtu wa vitenzi thelathini ashindwe na majina saba?

Asubuhi ya kuhama nikapewa bakuli la maji yaliyokorogwa unga wa mtama. Desturi ni kwamba msemaji huenda peke yake, wengine hukaa mbali wakimpa mgongo, wasisikilize maneno. Bibi alikaa juu ya kinu kilichosubiri kupakiwa. Injini ya lori ilikuwa inanguruma.

"Msomi!" balozi akapiga kelele. "Wafu hawana haraka, lakini dereva anayo!"

Nikamwaga maji kidogo, nikamwita wa kwanza. Nikamwita wa pili. Nikamwita wa tatu. Wa nne hakuja mdomoni.

Kuruka jina ni kumtusi mwenyewe. Kugeuka na kuuliza ni kutangaza mbele ya lori zima kwamba nimewasahau wakubwa wangu. Ningeweza kujitetea kwamba chuoni, tulikosoma Kurani, ustaadhi alitukataza mambo haya, lakini dini haikuhusika, ilikuwa aibu tupu. Mgongo wa bibi ulikuwa umenyooka, unasubiri. Hakuwa anasikiliza maneno, alikuwa anasikiliza sauti, na niliona wazi kwamba sauti haipaswi kukatika. Nikafungua mdomo, kikatoka kilichokuwemo.

Je serai partie. Tu seras partie. Elle sera partie. Nikaenda hadi wingi, nikaanza kitenzi kingine, na kingine tena, kwa sauti ya chini ya heshima, bila kosa hata moja kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kisha nikayamwaga maji yote yaliyobaki juu ya wanne kwa mkupuo.

"Umewabembeleza vizuri," bibi aliniambia tukiwa juu ya lori, katikati ya kuku. "Hata mjomba wako hasemi kwa urefu ule."

Nilirudi Korogwe nikavitoa vitenzi vyangu mbele ya darasa. Mwalimu akapiga makofi. "Ulifanyia wapi mazoezi?" Nikamjibu nyumbani.

Likizo iliyofuata nilikuta kijiji kipya kimesimama, nyumba zimepangwa mistari kama sisi asubuhi kabla ya ukaguzi. Bibi alikuwa amepungua. Tulipokaa kula akasema, kama mtu anayetaja wageni wa wiki iliyopita, "Wamekuja watatu. Nimewaota." Akawataja. Walikuwa wale wale watatu, kwa mpangilio ule ule.

Tonge nikalirudisha sahanini.

"Wanne sijawaona," akaendelea. "Wakubwa siwahofii. Yule mdogo ndiye. Ulimwita kweli?"

"Nilimwita, bibi. Labda wako njiani."

Shuleni sikupata tena amani na daftari lile. Nikilifungua, kati ya mstari na mstari naona rundo la mawe madogo. Nikisoma elle sera arrivée, atakuwa amefika, nasikia maji yakinywewa na udongo mkavu. Wenzangu walidhani nina homa ya nyumbani, ugonjwa ambao kwangu haukuhitaji ushahidi. Likizo nyingine bibi akaniuliza tena, nami nikamjibu yale yale. Na nyingine tena. Uongo ukishazoea nyumba huanza kuonekana ni wa ukoo.

Kisha, nilipokwisha kumaliza shule, miguu yake ikavimba, akawa haondoki kitandani. Mganga wa zahanati alimpa dawa na kutikisa kichwa.

"Kufa si neno," bibi akaniambia. "Lakini sitaki nitangulie kabla yule mdogo hajafika. Akija asinikute, hapa atamjua nani?"

Ndipo nilipoanguka magotini nikamweleza: watatu, halafu nilisahau.

"Sauti niliisikia. Ulikuwa unasema nini?"

Nikamsemea, pale pale, huku kamasi zinanitoka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Maana yake?"

"Nitakuwa nimeondoka. Utakuwa umeondoka. Tutakuwa tumeondoka."

"Yaani umewatangazia safari," akasema, "halafu hukuwaambia twendeni."

Akageukia ukuta. Nilidhani analia. Mabega yalitikisika, kisha nikasikia kicheko chembamba, kibaya kuliko kilio. "Mke mwenzangu, wazee wangu hata Kiswahili walikijua kwa taabu."

Jioni ile alinifundisha tena majina, na safari hii hakuniachia hadi niliposema saba mara tatu bila kukwama. Alfajiri akanipa kanga yake moja. "Wakubwa watakufuata kwa miguu. Yule hajui kutembea. Mbebe."

Nilikwenda peke yangu, mwendo wa asubuhi nzima. Mahameni paa zilikuwa zimeanguka na mmea wa boga umepanda juu ya jiko letu, umechanua. Hapakuwa na jogoo, hapakuwa na mtwangio, na sikuwa najua kwamba nyumbani kwangu kunaweza kunyamaza hivyo. Nikapiga nyasi kwa fimbo hadi nikayapata mawe. Nikawaita wote. Nikawaeleza njia: mteremko, kijito kikavu, barabara, mstari wa tatu, nyumba ya pili. Kwa yule mdogo sikuona aibu tena, niliona woga, kwa maana sikujua mtoto huitwaje asiyejua hata jina lake. Nikachuchumaa, nikanyoosha mikono juu ya mawe, nikainama na kumtupia mgongoni kama nilivyoona mama wakifanya, nikaifunga kanga kifuani.

Watu huniuliza, wachache niliowaambia, kama nilihisi uzito. Sikuhisi kitu. Ila kwenye kijito nilipiga hatua za taratibu, na jua lilipokuwa kali nilivuta pindo la kanga kumfunika.

Bombani palikuwa na foleni ya wanawake na ndoo zao, na balozi akiisimamia.

"Msomi! Mtoto wa nani huyo?"

"Wa bibi."

"Mbona simwoni kichwa?"

"Nimemfunika, jua kali."

Wakacheka, wakagongana viganja. Mmoja akasema kumbe Korogwe siku hizi wanasomea na hayo, na kabla ya magharibi kijiji kizima kilijua kwamba nimezaa shuleni na ninaficha. Lakini mwanamke mmoja mzee hakucheka. Aliitua ndoo yake chini, akasogea pembeni, akanipisha.

Bibi alikuwa amejiinua, ameketi kitandani, mikono ameitanguliza. Kwa wiki nzima hakuwa ameketi.

"Geuka," akasema.

Nikampa mgongo. Akapitisha mkono mmoja chini ya kanga, pale ambapo matako ya mtoto hukaa, kwa mwingine akafungua fundo. Sikuthubutu kugeuka hadi aliponiruhusu. Kanga ilikuwa imelazwa upande wa ukutani, imekunjwa kuzunguka hewa, na yeye amejisogeza pembeni kabisa mwa kitanda.

Nikafungua mdomo nimweleze habari za boga.

"Taratibu," akaninong'oneza. "Ndiyo kwanza amelala."

Hakuniambia kama alimwota, nami sikumuuliza. Aliishi hadi mahindi yalipovunwa, na kila usiku alilala pembeni mwa kitanda, karibu na kuanguka. Asubuhi mimi ndiye niliyekuwa nikitandika. Ile nafasi ya ukutani niliinyoosha kila siku kwa kiganja, polepole, na sikuikalia hata mara moja.