Siku King'ora Kilipolia Tena Kiwandani

Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi baba yangu Thika hakikufungwa kwa kishindo. Kwanza waliondoa zamu ya usiku, kisha ya alasiri, halafu asubuhi moja wafanyakazi wakakuta mnyororo kwenye geti na askari mmoja akiwaambia kwamba kazi imesimama kwa muda. Baba alilishika hilo neno "kwa muda" akakataa kuliachilia. Sisi tulioishi naye mtaani Kiganjo tulijua mambo yameisha. Tangu nizaliwe nilikuwa nikisikia mngurumo wa mashine zile kwa mbali, na kimya kilipokuja kilinitia hofu kuliko kelele yoyote. Nilikuwa na miaka kama ishirini, mtu mzima, na bado nilikiogopa kimya hicho.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, wakati mitumba ilipojaa kila mahali na vitambaa vya viwandani vikakosa mnunuzi. Mama hakungoja mtu amwambie afanye nini. Alianza kuuza mitumba sokoni Ruiru, na nguo zile zile zilizofunga kiwanda ndizo zilizotulisha. Baba alikula chakula hicho. Lakini robota la mitumba likiletwa nyumbani alitoka nje na kigoda chake, akakaa huko mpaka tumalize kulifungua na kuchambua.

Ndugu yake mdogo alikuwa na shamba Kalimoni: nyanya, ng'ombe wawili wa maziwa, na nyumba ndogo iliyokuwa tupu. Alitaka tuhamie huko, baba awe mwenzake wa kulima. Alikuja mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa hasira, na mara ya tatu akasema atangoja mpaka mvua ya masika ianze. Ikianza atamweka mtu mwingine, maana nyanya hazijui undugu. Mama alitaka twende, tena alitaka sana. Alikuwa amechoka kupanga chumba kimoja na kuamka mapema kwenda kugombania nafasi sokoni. Baba alisema atafikiria. Alichokuwa akifikiria nilikijua vizuri: kiwanda kikifunguliwa yeye akiwa Kalimoni, nani atamwita?

Hapo ndipo sanaa ilipoingia mjini kwetu. Mwalimu mmoja wa maigizo alikuja kutoka Nairobi na msaada wa wafadhili, akakodi jumba la kufumia la kile kiwanda, akatukusanya vijana tusio na kazi. Tulimwita Mkurugenzi, kwanza kwa utani, baadaye kwa sababu alilipenda jina. Alituambia kwamba mji uliokufa viwanda hufufuliwa na ngoma, michoro na michezo ya kuigiza. Alikuwa na maneno matamu, na sitajifanya sikuyapenda. Nilikuwa nimechoka kukaa, na kule ndani angalau mtu aliniuliza naweza kufanya nini.

Tulifagia jumba lile siku nyingi. Mashine zilikuwa zimeuzwa kama vyuma chakavu, zikabebwa na malori. Sakafuni zilibaki alama za mafuta, mistatili myeusi safu kwa safu, kila moja mahali mashine ilipokuwa. Tulisugua kwa sabuni, mchanga, hata mafuta ya taa, na hazikutoka. Mkurugenzi akasema tuziache, zinapendeza. Mimi nilizizunguka nilipotembea, kama unavyozunguka kaburi.

Baadaye tulichora ukutani, tukavuta nyaya za umeme, tukapaka geti rangi. Na geti lilipopakwa rangi, uvumi ukaanza. Wazee waliokuwa wafanyakazi walipita nje polepole, wakachungulia, wakaenda kusimama ng'ambo ya barabara. Walisema mnunuzi amepatikana, ni Mhindi kutoka Mombasa. Wengine walisema si Mhindi, ni serikali yenyewe. Dalili ya mvua ni mawingu, na wao waliona mawingu.

Jioni moja baba aliniita. Aliniita maitu, yaani "mama yangu" kwa Kikuyu, kwa sababu jina langu ni la mama yake.

"Maitu, hiyo geti mnapaka rangi ya nini?"

Nikamwambia ni ya mchezo wa kuigiza, utaonyeshwa Jumamosi.

"Hakuna mtu hupaka geti rangi juu ya mchezo," akasema.

Nikamweleza tena, taratibu. Nikamwambia kwa macho yangu nimeona mashine hazipo hata moja. Akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa, akasema zimepelekwa kurekebishwa. Mama alikuwa akimenya viazi. Aliniangalia tu, akaendelea kumenya.

Kuna jambo ambalo Mkurugenzi hakulijua, na sisi watoto wa kiwanda tulilijua mno hata hatukukumbuka kumwambia. King'ora cha kiwanda kilikuwa na sheria yake. Kikilia mara ya kwanza, ulikuwa na muda wa kuvaa na kukimbia tu. Kikilia mara ya pili geti lilifungwa, na aliyebaki nje alipoteza siku. Kwa hiyo watu wale hawakujifunza kufikiri wanaposikia king'ora. Walijifunza kukimbia. Na wafumaji walipofika walipanga mstari, wakanyoosha mikono mbele, viganja juu, ili msimamizi akague kama vina mafuta, maana kidole kimoja kichafu kiliweza kuharibu kitambaa kizima cheupe.

Mkurugenzi alikiona king'ora juu ya paa akafurahi kama aliyeokota dhahabu. Mchezo wetu, alisema, utaanza na sauti hiyo. Katika mazoezi tulitumia filimbi, kwa sababu umeme ulifikishwa huko juu asubuhi ya mchezo tu.

Jumamosi alasiri wageni walikuja na magari kutoka Nairobi, wakakaa kwenye viti tulivyovipanga juu ya alama za mafuta. Sisi tulikuwa katikati, mikono juu, tukicheza kuwa mashine. Kisha king'ora kikalia.

Kilikwaruza kwanza, halafu kikafunguka chote. Mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka. Nakumbuka niliwaza, hili si jambo jema, kabla sijajua kwa nini. Tukaanza kucheza. Tulikuwa hatujafika mbali niliposikia miguu.

Waliingia wakihema. Mmoja alivaa koti la mitumba juu ya suruali ya kazi. Mwanamke mmoja alikuwa na unga mikononi, akiupangusa kwa leso huku anakimbia, kwa hofu ya ukaguzi. Askari wa geti, ambaye alikuwa yule yule wa zamani, hakuwazuia. Alijisogeza kando wapite, na nadhani yeye pia hakufikiri. Wakapanga mstari mbele ya wageni. Wakanyoosha mikono, viganja juu, wakangoja. Baba alikuwa wa nne, ndani ya ovaroli iliyopigwa pasi.

Wageni wakapiga makofi.

Walipiga kwa moyo, wengine wakasimama. Mstari ukaangaliana. Niliona ukweli ukiwafikia mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja alitukana kwa sauti akatoka. Mwanamke wa unga alikaa chini akajifunika uso, na makofi yakaongezeka. Baba hakuangalia mtu. Aliacha mstari, akapita katikati ya viti mpaka alama moja karibu na dirisha, akasimama juu yake. Mama mmoja wa Nairobi alisogeza kiti chake kwa adabu ili ampishe.

Nikaacha kucheza. Wenzangu waliendelea. Nilimfuata baba, nikamshika kiwiko, nikamwambia twende nyumbani.

"King'ora cha pili bado," akasema.

Baada ya wageni kuondoka, Mkurugenzi alikuwa akitetemeka kwa furaha. Wafadhili walikuwa wamemwambia hawajawahi kuona kitu kama kile. Akawaomba wazee waliobaki wawe wanarudi kila Jumamosi, waingie vile vile, na watapewa kitu kidogo. Wengi walikataa, na mmoja alitema mate karibu na kiatu chake. Baba aliuliza swali moja tu, kama atapewa ovaroli au aje na yake. Mimi nilimwambia Mkurugenzi mbele ya watu kwamba amwache baba yangu. Akanijibu kwa upole kwamba mzee mwenyewe ametaka. Na kweli alikuwa ametaka.

Mvua ikaanza wiki hiyo hiyo. Baba mdogo alikuja na matope mpaka magotini, hakutaka hata chai, akauliza jibu ni lipi.

"Mimi nimerudi kazini," baba akamwambia.

Baba mdogo alimwangalia mama, na mama akaangalia sakafu. Mwezi ule nyumba ya Kalimoni ikapewa familia nyingine. Mama alilia mchana kweupe, akiwa amekaa juu ya robota ambalo halijafunguliwa, nami nikalia naye.

Sisemi ukumbi ule ulikuwa bure. Watoto walifundishwa ngoma, vibanda vya chapati vikaota kando ya geti, na kijana mmoja wa Witeithie aliyechora zile kuta alianza kuitwa hata Nairobi kuchora. Baba naye alinenepa. Alitembea akiwa amenyooka, alitania majirani, hata mitumba ikiletwa hakutoka nje tena. Furaha hiyo ndiyo iliyonitisha. Nilimwambia mama, naye akasema afadhali hivi kuliko zamani, lakini hakuniangalia akisema.

Jumatatu moja baba aliondoka asubuhi akiwa amevaa nguo za kazi. Hakukuwa na mchezo, na king'ora hakikuwa kimelia. Mchana nikamfuata. Askari akaniambia ameingia kitambo, na yeye aliyemfungulia mzee geti miaka yote hiyo angemwambia nini sasa.

Viti vilikuwa vimerundikwa ukutani. Baba alikuwa peke yake kwenye alama yake karibu na dirisha. Vidole vyake vilikuwa vikiunga uzi ambao haukuwepo, haraka, kwa ustadi, na kichwa amekiinamisha kusikiliza. Nilimwita. Hakusikia. Nikasogea karibu, nikamwita tena, ndipo akageuka, na uso wake ukabadilika kwa woga.

"Toka hapo," akanipigia kelele, kama mtu anayeshindana na mngurumo. "Itakushika mkono."

Nikaangalia chini. Nilikuwa nimesimama ndani ya mstatili mweusi. Jumba lote lilikuwa kimya, nilisikia maji ya mvua yakidondoka kutoka paani.

Nikaukunja mkono wangu kifuani, nikatoka.