Jina Ambalo Mariam Poni Hakulitaja

Mariam Poni wa Koboko alianza kusuka vifuniko vya chakula kabla hajavunja ungo, na leo, ingawa macho yamepungua, vidole bado vinajua njia. Amekimbia vita mara mbili, mara moja kwenda Kongo na mara moja kwenda Sudan, na mara zote mbili alirudi kwenye kiwanja kile kile alichoachiwa na marehemu mumewe, Ramadhani. Kusoma alisoma kidogo, madarasa ya kina mama, akaishia kuandika jina lake na kutambua kibao cha kliniki. Kwa maneno ya mdomo, hata hivyo, hakuna aliyemweza. Kwa ukaidi ndiyo kabisa.

Mwaka jana, mvua zilipokaza, aliteleza kizingitini akalala chini tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Simu ilikuwa ndani, juu ya kabati. Aliyemkuta ni jirani yake Scovia, aliyekuja kuomba chumvi. Tangu hapo mwanawe Muzamili, fundi wa malori huko Arua, akawa na neno moja tu: Mama ahamie kwake, mtaa wa Awindiri. Mama naye akawa na lake: kwenye kiwanja hiki atatoka siku atakayobebwa na watu wanne.

Aliyeleta njia ya kati ni Shamim, binti wa mdogo wake, aliyekula sahani moja na watoto wa nyumba hiyo. Shamim na mwenzake Andrew Ocokoru walikuwa wamepanga chumba Arua wakitengeneza msaidizi wa sauti, yaani kisanduku kinachosikia maneno ya mtu na kufanya alichoambiwa: kupiga simu, kukumbusha dawa. Vya dukani vinataka Kiingereza. Hiki kingeelewa Kiswahili cha hapa, kile cha sokoni na kambini. Tena ni programu huria. Shamim alimweleza mama yake mkubwa kwa mfano wa ususi: anayetaka anachukua nakshi, anaifumua, anasuka yake, mradi naye asiifiche. Mariam Poni akasema hilo si geni, nakshi zake zote Koboko nzima wameshaiba. Shamim akacheka, akasema huku haibiwi mtu, watu wanagawa.

“Nani alikuambia mimi iligawa?” akauliza Mariam Poni.

Hata hivyo aliketi barazani siku tatu, Shamim akisoma, yeye akirudia kwenye kipaza sauti. Wanawake arobaini walirekodiwa hivyo, na wa kutamka vizuri kuliko wote alikuwa yeye. Mwenyewe hakuacha kuwaambia wenzake.

Taabu ilikuwa kwenye jina. Kisanduku cha namna hii kinalala mpaka kiitwe. Arua walipiga kura: rafiki zake Andrew, mashabiki wa timu ya Onduparaka, walitaka jina la golikipa wao, lakini Shamim akawashinda kwa Siraji, maana yake ni taa. Jina zuri. Na ndilo lilikuwa jina la baba mkwe wake Mariam Poni.

Katika nyumba ile mke hataji jina la baba mkwe. Hataji mzee akiwa hai, hataji akiwa kaburini. Mzee alikuwa askari, kila mtoto alimwita Shawish, yaani sajini, na Mariam Poni alimwita hivyo hivyo miaka hamsini. Siku ya kurekodi jina la kisanduku aliomba maji ya udhu, akaingia ndani kuswali, akakaa huko mpaka alipoona Shamim anafunga mashine. Shamim akaandika kwenye daftari kwamba Mama mkubwa amechoka.

Kisanduku kikawekwa juu ya kabati, na Muzamili akatoa mwezi mmoja. Kikifanya kazi, Mama abaki. Kisipofanya, ahame.

Mariam Poni hakumwambia mtu. Kueleza ni kuukaribia mlango wa kutaja, na isitoshe, mtoto aliyekula sahani yako hafai kufundishwa adabu ya nyumba yako kama mgeni. Alijaribu njia zake. Alikiita Wewe. Alikiita Shawish. Asubuhi moja alikiita Bwana wa juu ya kabati, kwa heshima zote, akangoja. Kisanduku kimya. Dawa zake za presha akazimeza mwenyewe, baada ya swala, bila kukumbushwa na mtu.

Mwezi ulipokwisha, Muzamili alikuja na pikapu, Shamim kando yake. Shamim akafungua kumbukumbu za kisanduku, akatazama, akatazama tena.

“Mama mkubwa, mwezi mzima hujaiita hata mara moja.”

Muzamili akasema haina neno, wataijaribu sasa. Mama akae pale alipoanguka, aite. Ikiitika, yeye anarudi Arua na gari tupu.

Mariam Poni akaketi kizingitini. Silabi tatu tu, halafu kiwanja ni chake mpaka kufa. Akautazama ua alioufagia tangu mwaka aliorudi kutoka Sudan. Akaufumba mdomo.

“Mama, sema tu.”

“Sisemi.”

“Iko shida gani?”

“Mdomo iko yangu.”

Muzamili akaingia chumbani, akaanza kukunja godoro. Wakati huo Scovia alikuwa amefika na bakuli la simsim, yaani ufuta, zawadi ya kumuaga jirani yake. Alimwona mama wa watu ameketi kama jiwe, akamnong’oneza Shamim amweleze. Shamim akaeleza, na jina akalinong’oneza pia. Scovia akaweka bakuli chini.

“Muzamili,” akaita, “baba ya baba yako iliitwa nani?”

“Siraji,” akajibu Muzamili kutoka ndani, godoro begani. “Shawish Siraji.”

Taa ya buluu ikawaka juu ya kabati. “Naam, nasikiliza,” kikasema kisanduku.

Muzamili akasimama pale pale. Alizaliwa nyumba ile, na katika maisha yake yote hakumsikia mama yake akilitaja jina hilo, wala hakupata kutambua kwamba halisikii.

“Mimi mwenyewe, mwaka kumi na nane, jina ya mzee wa bwana yangu sijasema,” akasema Scovia. “Nyinyi mnataka huyu mama akae anaita mkwe wake kama kuku, kila asubuhi, amutume kupiga simu?”

Shamim aliketi chini, akiona haya. Akauliza kwa nini hakuambiwa.

“Ningekuambia jina gani?” akajibu Mariam Poni.

Muzamili akalirudisha godoro kitandani. Kisha akauliza kuna kazi kiasi gani kubadilisha, Shamim akasema wiki mbili, bora jina lipatikane. Mariam Poni akasema kiitwe Jirani. Shamim akakataa kwa upole: neno hilo Koboko linasemwa kutwa, kisanduku kisingepata usingizi. Mama akafikiri kidogo.

“Kasuku,” akasema. “Inasema vile ilisikia. Na hakuna mutu iko na baba mkwe kasuku.”

Jina jipya lilitaka kusikiwa kutoka midomo mingi, basi wanawake wa mtaa wakaitwa, wa Kinubi na wa Kikakwa, wenye meno na wasio nayo, kila mmoja akaita Kasuku mara ishirini. Mariam Poni aliketi kando ya mashine, akiwarudisha nyuma waliomumunya maneno. Siku hizo, kisanduku kikiwa Arua, Scovia alilala kwake ili asibaki peke yake. Huko Arua, Andrew akaongeza jambo moja kwenye programu kabla ya kuitoa kwa watu wote: sasa popote inapowekwa, kwanza inaomba ipewe jina na mwenye nyumba.

Siku kisanduku kiliporudi, Muzamili alikuwa chini ya lori, mikono imejaa grisi. Simu ikalia, namba ya nyumbani. Akatoka mbio, akaishika karibu kwa viwiko.

“Mama! Umeanguka?”

“Nimekaa, nasuka,” akasema Mariam Poni. “Umechelewa. Kasuku iliitika kabla yako.”