Mama Huyu ni wa Nani

Tuliusikia mtungi kabla hatujauona uwanja. Mtu alikuwa akiupiga kwa viganja, mtungi wa plastiki wa kuchotea maji, na mlio wake ulitufikia kupitia miti ya bustani ukiwa mkavu na wa haraka, kama mvua inayoanza juu ya mabati. Shangazi alisimama katikati ya njia akainua kidole.

"Hiyo ni ya kanisa gani?"

"Si kanisa, Anti. Ni sarakasi. Wanaonyesha bure."

"Bure?" Akacheka, akaanza kutembea mbele yangu. "Basi twende kabla hawajabadilisha nia."

Alikuwa amefika kwangu mchana wa siku hiyo, akiwa na begi moja jeusi na mkungu wa ndizi aliokuwa ameufunga kwa leso. Yeye ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, katika chumba kimoja nyuma ya hospitali ya misheni ambako alifagia na kuosha wodi mpaka nywele zikawa nyeupe. Sasa alikuwa amestaafu, na chumba kile kilikuwa cha wafanyakazi tu. Alipokuwa akipanga nguo zake kwenye kona ya bedsita yangu ya chumba kimoja alisema, bila kunitazama, "Nitakaa wiki moja kwanza. Tukiona tunatoshana, nitaleta vitu vyangu. Tukiona hatutoshani, kuna mwenzangu wa kanisa pale Cheptiret ana chumba nyuma ya duka."

"Hakuna cha kuona, Anti," nilimwambia. "Hapa ni kwako."

Nilipoyasema maneno hayo nilikuwa nayaamini.

Kwa matembezi yetu alivaa raba zake za wodini, zile nyeupe za turubai. Asubuhi alikuwa amezipaka chaki, kama alivyozipaka kila Jumapili nilipokuwa mtoto, na kila alipopiga hatua vumbi jeupe lilibaki kidogo kwenye nyasi.

Watu walikuwa wamezunguka uwanja, watoto na akina mama wameketi mbele, vijana wamesimama nyuma. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye paa za maduka, na ile baridi ya Eldoret inayokuja bila hodi ilikuwa imeanza kuingia kwenye mikono ya masweta. Nikamtafutia Shangazi nafasi karibu na mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha. Hapo ndipo nilipowaona, ng'ambo kidogo, wamesimama chini ya mti: mshairi wa kikundi chetu cha kusoma, na dada anayehariri jarida letu.

"Kaa hapa uone vizuri," nilimwambia Shangazi. "Nasalimia watu, narudi."

Sikurudi.

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimewasomea hadithi yangu mpya. Ilikuwa ya mwanamke anayeosha wodi, anayezipaka chaki raba zake, anayejua kufunga mlango bila kumwamsha mgonjwa hata mmoja. Waliipenda sana. Mhariri alifuta macho kwa ncha ya skafu yake akasema angependa kumshika mkono mwanamke huyo. Na sasa mwanamke huyo alikuwa ameketi hatua kumi kutoka kwetu, anachambua karanga kwenye paja, na mimi nilisimama nikizungumza habari za vitabu.

Wanasarakasi walikuwa saba, wote wamevaa suruali nyekundu zilizopauka magotini. Walipandana mabegani mpaka wakawa mnara, wakapita chini ya fimbo inayowaka moto, wakarushana. Kiongozi wao alishika kipaza sauti akitania watu. "Hapa Eldoret mnatupa shida sisi," alisema. "Tumekuja kuruka, tukapata kila mtu ni mwanariadha, anakimbia. Hata chai yenu inachemka mbio." Watu wakacheka. Kisha akaja mchekeshaji wao, kijana mwembamba aliyevaa soksi mbili zisizofanana, akaanza kupanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine. Vikafika vitano. Akavipanda huku akitetemeka kwa makusudi, akafika juu, akasimama kwa mguu mmoja, akatoa kitana akaanza kuchana nywele.

Halafu akaanguka.

Alianguka vizuri sana. Viti vilitawanyika, yeye akatua chali, kichwa kikageukia upande, mguu mmoja ukarukaruka mara mbili kisha ukatulia. Watoto walikuwa wamekwisha kuanza kucheka, kwa sababu watoto wanajua. Mtungi ukanyamaza. Kimya kile kilikuwa sehemu ya mchezo.

Nilimwona Shangazi akiinuka. Karanga zilimwagika. Alikuwa tayari anakimbia, ile mbio ya wodini ambayo ningeitambua hata gizani, hatua fupi fupi, mikono mbele, visigino havigusi chini ili wagonjwa wasishtuke.

"Hebu oneni," kiongozi akasema kwenye kipaza sauti. "Huyu naye ametoka kambi gani ya mazoezi?"

Bustani nzima ikacheka. Mshairi alicheka mpaka akashika mti. Mimi pia nilicheka. Niliusikia mdomo wangu ukicheka.

Shangazi alipiga magoti, akakishika kichwa cha yule kijana kwa mikono miwili. "Mtu asimwinue," alisema. "Shingo. Leteni kitu kigumu tumlaze."

Kijana akafungua jicho moja. "Mama, ni mchezo."

"Nyamaza, usiongee. Tikisa vidole vya miguu."

Akavitikisa ndani ya soksi zake mbili, kimoja kimoja, kwa utii, na watu wakazidi kuvunjika mbavu. Kiongozi akawakaribia na kipaza sauti chake. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na onyesho la kuendesha na mwanga ulikuwa unakwisha.

"Jameni, huyu mama ni wa nani?" akauliza. "Mwenye mama aje amchukue, tuendelee."

Hakuna aliyesogea.

"Hana mwenyewe? Basi tutabaki naye. Kesho tunamfundisha viti."

Mhariri akanigusa kwenye mkono. Yeye hakuwa anacheka tena. "Ona viatu vyake," alisema polepole. "Si kama yule wa hadithi yako?"

"Yule nilimbuni," nikasema.

Shangazi aliinua uso akaanza kunitafuta katika ule umati, akipita uso mmoja baada ya mwingine, mpaka akanifikia. Nilitoa simu mfukoni nikaiweka sikioni. Hakuna mtu aliyekuwa amenipigia. Nilisema "haloo" kwenye kioo kilichozima, nikageuka nusu, kama mtu anayetafuta mahali penye mtandao.

Sijui alinitazama kwa muda gani. Nilimsikia tu, kiongozi alipomuuliza kama ana mtu, sauti yake imekuzwa na kile kipaza sauti, ikafika mpaka barabarani.

"Hapana," alisema. "Nimekuja peke yangu."

Nilipogeuka tena, yule kijana alikuwa amesimama. Alimshika Shangazi mkono akamwinua, akamwinamia mpaka nywele zikagusa nyasi, na watu wakapiga makofi kwa nguvu kuliko walivyopigia mnara. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelicheka. Alipiga goti moja akampangusa nyasi zilizoshika kwenye gauni lake, upande huu na upande huu, taratibu, kama mtu anayemwandaa mama yake kwenda kanisani.

Nilibaki na wenzangu mpaka mwisho. Walitaka twende tukanywe chai nikasema nina kazi. Nilimkuta Shangazi langoni, ameikunja leso yake mpaka ikawa ndogo kabisa mkononi.

"Umemaliza simu?"

"Nimemaliza."

"Ilikuwa ya kazi?"

"Eeh."

"Kazi ni muhimu," alisema, na hakukuwa na kejeli ndani yake. Ningefurahi ingekuwepo.

Njiani alizungumza kuhusu yule kijana tu. Shingo yake ilikuwa sawa, alisema, lakini mwili ulikuwa na joto. Alikuwa amelisikia mikononi. Kijana alikuwa akiruka na homa, na wale wenzake hawakujua, au walijua. "Nimemwambia akapimwe," alisema. "Ameniambia atakwenda. Wagonjwa watakwambia hivyo kila wakati."

Tulipofika alipika zile ndizi. Tulikula tukiwa tumeketi kitandani, sahani magotini, kwa kuwa nina kiti kimoja na kilikuwa na vitabu.

"Anti," nikaanza. "Pale bustanini."

"Kula, zinapoa."

Nilikula. Baadaye, akiwa anaosha sahani, mgongo wake kwangu, alisema, "Kesho asubuhi nitaenda Cheptiret."

"Wiki haijaisha. Hata siku haijaisha."

"Nyumba ni ndogo."

"Nyumba si ndogo, Anti."

"Ni ndogo kidogo," alisema, akaipangusa sahani ya mwisho pande zote mbili.

Asubuhi niliamshwa na harufu ya dawa ya sakafu. Alikuwa amevaa koti, begi lake liko mlangoni, na chumba chote kilikuwa kimepigwa deki, kuanzia chini ya kitanda changu hadi miguuni pake. Simenti iling'aa kwa maji. Nilitupa blanketi, nikashusha mguu.

"Usikanyage," alisema. "Bado haijakauka."

Hiyo ilikuwa sheria ya utoto wangu. Wodini hata daktari alisimama nje mpaka Shangazi aseme imekauka, nami nilikua nikikaa juu ya kitanda chetu cha chuma, nimekunja miguu, nikisubiri neno lake. Sasa kati yetu kulikuwa na hatua nne za maji. Nilijua cha kumwambia. Nilikuwa nimekaa macho nikikipanga, na hata nilikuwa nimechagua maneno mazuri.

Nikaurudisha mguu juu ya kitanda.

"Ndizi nyingine ziko kwenye sufuria," alisema. "Uzipashe moto."

"Nitakusindikiza mpaka stejini, upande gari."

"Ikikauka."

Akachukua begi. Alikuwa tena na zile raba, na chaki ilikuwa mpya. Akatoka kinyumenyume, kama alivyotoka maelfu ya mara katika vyumba vya watu waliolala, kidole gumba kimekandamiza komeo ili lisigonge chuma. Mlango ukasogea mpaka ukagusa fremu, ukafungika, nami niliyekuwa macho kabisa sikusikia kitu.