Mzazi au Mlezi wa Robi

Njia nzima kutoka Butiama hadi Musoma, Lukresia hakuwaza kitu kingine ila mkono wa Robi. Asubuhi mtoto alianguka kutoka juu ya mpera, mfupa ukavunjika karibu na kiwiko. Sasa alikuwa kitandani hospitalini, akiuma pindo la kanga. Daktari Felisian alitaka kumpa dawa ya usingizi aunyooshe mfupa, ila kwanza apatikane mtu wa kuridhia.

"Mama, wewe ni mzazi wake au mlezi?" akauliza nesi, Jenoveva.

Lukresia hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki, alitoa ng'ombe akamwoa Gati kwa mila ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke, ili watakaozaliwa wawe wa mji wake. Huko nyumbani hakuna anayeuliza: mzazi ni mwenye ng'ombe.

"Mzazi," akajibu.

"Ulimzaa wewe?"

"Aah, kuzaa alizaa Gati. Amefuata dagaa Murangi, simu haipatikani."

"Basi wewe ni mlezi."

Lukresia akachachamaa. "Mlezi? Mlezi wa kwaya yetu ni tajiri mmoja wa Bunda. Alikuja siku moja, akatununulia spika, akala wali, akaondoka. Hata kuimba hajui! Mimi huyu nimemwogesha, mwanangu. Vikao vya wazazi shuleni nakaaga mimi."

"Na kanisani?"

"Kanisani mimi ni mama yake wa ubatizo."

"Mimi pia Mkatoliki, mama. Mzazi haruhusiwi kumsimamia mwanawe ubatizo."

Ni kweli, padri aliwahi kumwambia Lukresia hivyo hivyo, naye akakubali bila ubishi kwa sababu alitaka mtoto abatizwe. Kumbe siku ile alijivua uzazi mbele ya watu? Na shuleni je, amekuwa akidanganya?

Nesi akamgeukia mtoto. "Robi, huyu ni nani yako?"

"Baba."

Jenoveva akamtazama Lukresia, gauni la kitenge na rozari shingoni.

Felisian alikuwa ameshika vidole vya mtoto. "Vinaanza kupoa," akasema. "Damu haifiki vizuri. Mama, kwangu mlezi aliye hapa anafaa kuliko mzazi aliye Murangi. Unaridhia?"

"Mlezi," akasema Lukresia haraka. "Andika mlezi. Andika hata mjomba. Mtibuni!"

Mlango ukafungwa. Akabaki kwenye benchi, akijaribu kuyapanga maneno yale mawili, kila moja mahali pake, nayo yakikataa kukaa.

Jioni Gati alifika mbio, ananuka dagaa. Robi alikuwa amelala, mkono umefungwa plasta.

"Nani aliridhia?"

"Mlezi."

"Mlezi gani tena? Yule wa kwaya?"

"Mimi."

"Wewe? Tangu lini?"

"Hata sijui, Gati," akasema Lukresia, akiuvuta mkono wa mwenzake hadi kwenye vidole vya mtoto. "Shika. Vina joto."