Kitako Nilichokipiga Msasa

Mikono yangu ina kiherehere tangu utotoni. Nikiona ubao mchafu, situlii. Kwetu Bukavu nililelewa kwamba kifaa cha marehemu hakirudi kwa wafiwa na vumbi lake; unakisafisha kwanza, ndipo unakikabidhi. Hiyo ndiyo heshima niliyokuja nayo Durban, na ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa na wiki tatu tu kwenye karakana moja ya Pinetown, kwa mzee mwenye kibali cha kukadiria na kuuza bunduki za zamani za jeshi. Mimi nilizitengenezea masanduku. Jumatatu mama mmoja mjane akaleta bunduki ya baba mkwe wake. Mzee aliikagua kwa lenzi: nambari ya mtutu, ya bolti, ya mwili wenyewe, zote moja. Hata skrubu hazikuwahi kuguswa na bisibisi.

"Unaona?" aliniambia akichekelea. "Uchafu wake ndio cheti chake."

Nilidhani anatania. Akafungia vyuma kwenye sefu, akaniachia kitako cha mbao nikichukulie vipimo vya sanduku.

Jumanne, mzee akiwa safarini, nilikipiga msasa. Msasa laini, kisha mafuta ya kitani, mpaka kikang'aa. Karibu na mwisho wake kulikuwa na mikwaruzo ya kisu iliyonikera. Hiyo niliisugua mara mbili. Nikajisifu moyoni, mjinga mimi.

Jumatano mzee akanipigia simu kuniambia kesho tuwahi. Yule mama mjane hakuwa anatafuta bei tu. Baba mkwe wake alirudi kutoka vitani akisema alipigana mstari wa mbele, na ndugu zake wakamcheka hadi anaingia kaburini: wewe ulikuwa mpishi, bunduki umenunua mnadani. Naye akawajibu siku zote kwamba nambari yake ya jeshi aliichonga kwenye kitako kwa kisu chake. Sasa cheti chake cha jeshi kilikuwa kimepatikana, na mama angekileta ili walinganishe.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa akiwa tayari anatembea. Jioni ile nilipima sebule yetu ya Greyville kwa hatua, dirishani, mlangoni, dirishani tena.

"Juu ya nini unazunguka-zunguka?" mke wangu akauliza. "Unanipatia kizunguzungu."

Nikamweleza yote.

"Eish! Kesho umwambie patron mbele mama hajafika. Ukinyamaza, ule marehemu atabakia muongo juu yako."

Alfajiri nilikuwa kituoni Warwick, nikapanda taxi ya kwanza, na kila robot, taa za barabarani za huku, ikatusimamisha. Niliichukia njia nzima. Nilipofika, mama alikuwa ameshakaa, cheti kimekunjwa mapajani. Mzee alikuwa akikigeuza kitako chini ya taa, shingo imemwiva kwa hasira.

"Nani?"

"Mimi."

Nikaeleza nilichofanya Jumanne, habari ya heshima na ya marehemu, maneno yakigongana mdomoni. Kisha nikakumbuka. "Mama, usifungue kwanza. Mikwaruzo ile ilikuwa tarakimu. Mbili za mwisho ni nne na saba."

Akafungua cheti. Nne na saba. Nusura niruke kwa furaha, nikamgeukia mzee.

"Siwezi kuandika unachokumbuka wewe," alisema. "Naandika ninachokiona mimi. Chuma ni cha asili. Kitako kimekwanguliwa."

Mama hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliushika mkono wangu, akaweka kidole changu juu ya mbao.

"Hapa?"

"Hapa."

Akapapasa pale kwa dole gumba lake, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kana kwamba anatafuta uzi uliopotea kwenye kitambaa.

"Maisha yake yote walimwambia hana ushahidi," alisema. "Alikuwa nao mpaka Jumanne."