Kadi Tuliyochagua na Mkwe Wangu

Kadi zangu za makumbusho naziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, hapa nyumbani Kemambo. Ni kadi ndogo za karatasi ngumu zenye michoro ya rangi. Wengine huzinunua wakawatumia ndugu zao kwa posta. Mimi sijatuma hata moja. Kila tukimpeleka binti yangu kliniki Mwanza tunapita makumbusho, na narudi na kadi.

Ilianza mwaka ule alipopasuliwa tumbo. Wa kumuuguza tulikuwa mimi na mume wake, dereva wa hoteli ya watalii kule Ikoma. Sasa, kwetu Wakurya, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai pamoja, hawaangaliani usoni, wala hawasemezani moja kwa moja. Tunaita ensoni. Ni heshima, si ugomvi. Garini nilikaa nyuma, na yeye kile kioo cha juu alikigeuza kikatazama dari, akabaki na vya pembeni.

Wodini tuliruhusiwa saa za kuona wagonjwa tu. Saa nyingine hatukuwa na pa kukaa, ndipo akanipeleka makumbusho anakopeleka wageni wake. Niliingia chumba cha kwanza, yeye akasubiri nje. Nilipohamia cha pili, akaingia cha kwanza. Tukaenda hivyo mpaka mwisho. Maandishi ya ukutani yalinishinda, shule niliisoma kidogo, lakini michoro niliitazama yote. Nikanunua kadi ya ng'ombe wanaokunywa mtoni.

Binti yangu alikuwa hataki kula. Kidonda kilikuwa kinapona, lakini chakula anakisukuma, amegeukia ukuta. Daktari hakutuficha: asipokula, tutampoteza. Nikampa ile kadi.

"Mmeenda wote wawili?" akauliza.

Nikamweleza tulivyopokezana vyumba. Akacheka, mikono tumboni. "Mama, acha, nyuzi zitakatika!" Kisha akasema, "Nileteeni kadi moja mliyochagua pamoja. Hapo nitakunywa uji."

"Unataka niaibike uzeeni?"

"Basi kaa na uji wako."

Mkwe alikuwa nje ya mlango. Alisikia.

Kesho yake tukasimama kwenye kiduka cha makumbusho, mimi nimetazama nje, yeye ametazama rafu. Muuzaji alikuwa binti wa mjini. Jina lake ninalo kichwani, kama la nesi wa zamu na la mgonjwa wa kitanda cha jirani, ila hapa siyataji.

"Dada, mwambie mama hii ya simba ni nzuri," mkwe akasema.

"Bibi, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mkewe anawasikia simba kila siku huko Ikoma. Achukue ile ya mwanamke anayesaga ulezi."

"Mwambie mama, mgonjwa atadhani tunamkumbusha kazi."

Yule binti akatuangalia. "Kwani nyie mmegombana?"

"Hapana!" tukajibu wote.

Tukaendelea kukataliana hivyo hivyo, mpaka mkwe akachomoa kadi moja, akasahau kumtuma muuzaji. "Kuku gani huyu?"

Nikageuza shingo. Kuku mwekundu, shingo ndefu mpaka juu ya kadi.

"Huyo ni mbuni aliyepunguzwa miguu," nikasema.

Akacheka mpaka akashika kaunta. Mimi nikajifunika mdomo kwa khanga. Tukamchukua kuku.

Binti yangu aliigeuza kadi huku na huku. "Nani kachagua hii?"

"Sisi wote."

"Ndiyo maana."

Akanyoosha mkono, nikampa kikombe. Akanywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Hiyo kadi haimo kwenye kopo langu. Mpaka leo iko kwake, na nikiiomba hanipi.

Mume wake alikuwa mlangoni, amenipa mgongo. Nesi alikuwa karibu, angeweza kumtuma aniulize. Hakumtuma.

"Mama, amemaliza?"

"Amemaliza, baba," nikamjibu.